Nahamia Syokimau, ofisi iko Upper Hill: treni ya asubuhi yategemeka ama nishike matatu tu?

mwana_kisauni

Asalam aleikum, na msiokuwa Waislamu hamjambo nyote. Mie ni mtu wa Mombasa, nimepata kazi huko bara na naripoti mwezi ujao inshallah. Ofisi iko Upper Hill, nyumba nishalipia Syokimau ndani ya Katani Road kwa sababu ndo pahali nilipopata vyumba viwili kwa pesa nlokuwa nayo, na pia kuna watu wa kwetu wawili watatu wakaa huko. Sasa kila nikiuliza nitakuwa nikifikaje kazini kila mtu aja na lake, huyu aniambia panda treni usijisumbue, yule aniambia treni utaisikia tu yapiga honi nawe uko bafuni, mwengine aniambia nunua gari. Gari sina na pesa ya gari sina.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, mtu wa kuingia kazini saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, treni ya pale Syokimau yamfaa kweli ama ni ya watu wa matembezi? Pili, mamangu ataka kuja kunitembelea kwa SGR nikishatulia, na tiketi naona yaandikwa Nairobi Terminus, na watu wasema hio Terminus iko huko huko Syokimau. Sasa ni stesheni moja na hio ya treni ya kwenda town ama ni mbili mbali mbali? Mama ni mtu mzima na goti lamsumbua, sitaki ashuke pahali kisha watu wa teksi wamkamate mkono mmoja huku mwengine kule. Nawashukuru mapema.

---

abiria_wa_behewa_la_pili

Karibu sana mtu wa pwani. Mimi nimekaa upande huo miaka na natumia hio treni, wacha nikupe vile iko.

Hio stesheni ilijengwa kwa ajili ya watu kama wewe. Rais Kibaki aliifungua Novemba 2012, pamoja na Makadara na Imara Daima kwa laini hio hio, na lengo lilikuwa moja tu, kutoa watu Mombasa Road. Kwa hivyo treni zake zinafuata mtu wa ofisi, asubuhi mapema zinaelekea town, jioni zinawarudisha, na hapo katikati ya mchana ni chache sana. Wewe wa saa mbili hadi saa kumi na moja uko ndani ya ratiba kabisa, yani umeandikwa pale.

Lakini uelewe kitu kimoja ambacho wageni huwa hawaelewi hadi iwaume. Mat ukiikosa, nyingine iko nyuma yake na kanga (konda) anakuita kwa jina. Treni ukiikosa hio asubuhi yako ndo imeisha hivyo, unarudi Mombasa Road kupigana na jamu ya Cabanas, ya Bellevue, ya Nyayo, na sasa umechelewa kuliko yule aliyetoka kwa nyumba na mat tangu mwanzo. Kwa hivyo hesabu yako isianzie stesheni, ianzie mlangoni kwako. Katani Road ni ndefu na hujatuambia uko wapi, kuna wenye wanatembea kwa mguu wanafika na kuna wenye bila boda hawafiki. Ukihamia, jaribu Jumamosi moja uende hadi stesheni ukiangalia saa, alafu ongeza dakika kumi za matope maana mvua ikinyesha huko ndani si mchezo.

Faida ni nauli. Treni haijui kumenyesha. Siku ya mvua mat inakuitisha mara mbili na hakuna mahali utashtaki, lakini treni ni ile ile ya jana. Na ndani kunakuwa na jamii yake, watu wanajuana, kuna behewa lina mhubiri na likishajulikana hivyo, wenye wanataka kulala wanahamia lingine. Utapata la kwako.

Ukishuka Nairobi Central unatoka unajipata Haile Selassie. Hapo nje ndo steji za Railways, mat za Ngong Road zinakupandisha hadi Upper Hill. Ama kama una miguu ya pwani ya kutembea ufuo, panda na Haile Selassie hadi raundiabauti ya Uhuru Highway, pita chini ya Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, endelea na mlima. Mimi hutembea, ni jasho kiasi lakini unafika kabla ya mwenye amekaa kwa mat pale raundiabauti anaangalia taa.

---

mjukuu_wa_ukambani

Huyo hapo juu amejibu la kwanza vizuri, wacha nijibu la pili maana hapo ndo watu hupotelea.

Ni stesheni mbili mwana_kisauni. Ziko jirani lakini ni mbili. Moja ni ile ya 2012 ya treni ya town, ndogo, paa zuri, paking kubwa mbele. Ya pili ni lile jumba kubwa la SGR lililofunguliwa 2017, hilo ndo Nairobi Terminus. Watu wote wanasema "Syokimau" kwa zote mbili, na boda ukimwambia Syokimau stesheni anakupeleka yenye iko kichwani mwake siku hio. Sema "terminus" ama sema "commuter", usiseme stesheni tu.

Na sababu ya kuwa mbili ni upana wa reli. Reli ya zamani ya Mwingereza ni mita moja, ya SGR ni milimita 1,435, kwa hivyo Madaraka Express, hio treni ya SGR, haiwezi kuingia ile stesheni ya zamani ya town hata ikitaka. Ndo maana ikabidi reli ya mita moja ivutwe hadi kando ya terminus, na kuna treni ya kuunga, link, inaondoka Nairobi Central kupeleka watu wa SGR na inangoja wanaofika iwarudishe town. Zile treni fupi za dizeli za rangi mpya mpya unaona, zinaitwa DMU, zilinunuliwa zikiwa zimetumika huko Uhispania kisiwa cha Mallorca, kwa sababu huko pia reli yao ni ya mita moja. Zilizinduliwa Novemba 2020.

Sasa sikiza vizuri hapa kwa mambo ya mama. Treni ikifika terminus, karibu kila mtu anashuka mbio mbio kuelekea link, ni wimbi la watu na masanduku, na mtu mgeni anafuata wimbi. Mamako ASIFUATE. Akipanda link ataenda hadi town na wewe uko hapo Syokimau unamngoja. Mwambie akishuka akae pembeni, aache watu wapite, alafu atoke polepole na lango la nje kwenye paking, wewe usimame hapo na simu imejaa chaji.

Kitu kingine, kama atapanda ile ya asubuhi inayosimama vituo vyote, kutoka kwenu ni Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, alafu Athi River kabla ya Nairobi. Hapo Athi River ndo pabaya. Mtu akiona magorofa na magodauni anafikiri amefika Nairobi, na ukimwambia "ninakaa upande wa Athi River huko, Mlolongo, Syokimau" atashuka tu. Usimtajie Athi River kabisa, mwambie kituo cha mwisho.

Na kwa vile mnakaa huko mjue mnakaa kwa nani. Syokimau alikuwa mama wa Kikamba, mwonaji, na wazee wetu husema aliona nyoka mrefu akitoka bahari moja kwenda bahari nyingine akiwa amebeba watu, kabla reli haijafika. Wakaipa stesheni jina lake. Sisi tulijua mambo ya treni kabla ya Mwingereza kushuka Mombasa 😄

---

vitz_nyeupe

Mnampamba huyu kijana sana. Wacha nimwambie upande ule mwingine.

Treni ni nzuri kama bosi wako ni mzuri. Hio tu. Saa kumi na moja ni ya kwenye karatasi, Upper Hill kuna maofisi mengi ya pesa na huko mtu anaambiwa "maliza hii kidogo" saa kumi na moja kasorobo, ukimaliza hio kidogo ni saa moja na nusu usiku na treni ya jioni imeenda na watu wake. Sasa utafanya nini, ni mat. Kwa hivyo usidhani unaachana na mat, unaachana nazo asubuhi peke yake. Weka kwa bajeti nauli ya treni ya kwenda na nauli ya mat ya kurudi, ile ya treni ya jioni ikipatikana ihesabu kama umeokota.

Wikendi ni nyembamba vile vile. Kama kazi yako ina Jumamosi, uliza ratiba ya Jumamosi peke yake, usiangalie ya Jumatatu ukadhani ni sawa.

Mimi nilikuwa naacha gari paking ya stesheni naingia town na treni, na kusema ukweli hio ndo matumizi bora ya ile stesheni, unaendesha dakika chache, unaacha gari mahali kuna walinzi, town huhangaiki na paking ya kaunti. Alafu kazi yangu ikawa ya shifti na ikabidi niache. Tangu Expressway ifunguliwe 2022 wenye haraka na pesa wamepanda huko juu, Mlolongo hadi Westlands kilomita 27, unalipa unapita. Lakini wewe umesema gari huna kwa hivyo hii sehemu ruka.

---

abiria_wa_behewa_la_pili

@vitz_nyeupe ukweli, hio ya jioni umesema vizuri. Lakini pia kuna mbinu. Ukiwa mgeni ofisini, mwezi wa kwanza, waambie mapema kwamba unatumia treni. Usiseme "nataka kutoka mapema", sema "treni yangu ni ya saa fulani". Watu wa Nairobi wanaheshimu treni kuliko wanavyokuheshimu wewe, sijui kwa nini lakini inafanya kazi. Mimi bosi mwenyewe siku hizi huniambia "si treni yako itakuacha".

Na ratiba usichukue ya kuambiwa na mtu, hata mimi, ndo sababu sijakuandikia masaa hapa. Hubadilishwa. Angalia kurasa za Kenya Railways wiki unayohamia, na ukifika stesheni piga picha ile ya ukutani.

---

mtu_wa_gongolamboto

Wakuu wa Kenya salaam kutoka Dar. Nimepita tu nikaona mada imenigusa maana mambo ni yale yale.

Sisi treni ya mjini ilianza 29 Oktoba 2012, wiki mbili tu kabla ya hiyo yenu ya Syokimau, mpaka leo watu wanaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ilianza kwa njia mbili, moja ya reli ya kati kutoka Stesheni mpaka Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA mpaka Mwakanga, na hizo nazo haziwezi kupishana kwenye reli moja maana TAZARA ni milimita 1,067 na ya kati ni 1,000. Kwa hiyo huku kwetu ukihesabu na SGR tuna reli za vipimo vitatu kwenye jiji moja, nyie lieni na viwili vyenu.

Tofauti ni kwamba SGR yetu stesheni ya Dar iko mjini kabisa, unashuka unatembea Kariakoo. Hatuna hiyo habari ya kupanda kitreni kingine kuunganisha. Tangu Juni 2024 inaenda Morogoro, na inasimama Pugu, Dar mpaka Pugu ilipangiwa nauli ya shilingi 1,000 ya kwetu. Na ni ya umeme, sisemi kitu, nimesema tu ni ya umeme 😂

Ila ndugu mwana_kisauni nikupe ushauri wa mtu wa foleni. Usiangalie treni inachukua dakika ngapi, kila mtu atakutajia dakika za treni. Jumlisha boda, kusubiri, treni, na kupanda huo mlima wenu wa Upper Hill. Mimi nilipojumlisha hivyo nikagundua muda unakaribiana na daladala, ila nilikuwa nafika sijachoka, nimekaa, nimesoma meseji zote. Hicho ndicho unachonunua. Kama hupati kiti hesabu inabadilika, kwa hiyo fika mapema kidogo, na nyie wa Syokimau mna bahati mnapandia mwisho wa reli, watu wa katikati kama Imara Daima na Makadara ndio wanasimama.

---

mjukuu_wa_ukambani

Tumesikia ya umeme mkuu, asante 😂 stima ikipotea mtusalimie.

---

mtu_wa_gongolamboto

Hahaha hiyo sijaiona, naendelea na mada nyingine.

---

dada_wa_miritini

Kaka mwana_kisauni wa aleikum salaam. Hawa wa bara wamekueleza vizuri huko kwao, mie nkuambie upande wetu na habari ya goti la mama maana naona walipita hapo mbio mbio.

Viti vya economy vya SGR vimetazamana, watatu upande huu wawili upande ule, na mgongo wa kiti umesimama wima. Mwatazamana na mtu msiyejuana goti kwa goti safari nzima. Mtu wa goti bovu hapo atateseka, hasa akikaa dirishani maana kila akitaka kunyoosha mguu aombe radhi watu wawili. Ukimkatia economy, na siku hizi ni 1,500 tangu ipandishwe Januari 2024, omba kiti cha kandoni mwa njia. Ukiwa na uwezo kidogo kidogo weka akiba umkatie first class, ni 4,500, wawili wawili, nafasi ya mguu ipo. Ni pesa nyingi najua, lakini kuna basi pia nalo ni usiku kucha na mguu umekunjwa, kwa hivyo wewe pima.

Treni mkatie ya saa mbili asubuhi, afika Nairobi kama saa nane mchana, jua liko juu, wewe waomba ruhusa nusu siku. Ya saa tisa alasiri yaingia usiku. Ile ya saa nne usiku sahau, yafika usiku mkubwa alfajiri hata haijaadhiniwa, na Nairobi kwa baridi ile mzee wa Kisauni atakuulizia leso mbili.

Kukata ni kwa simu *639# ama kwa mtandao, walipa kwa M-Pesa, na kitambulisho chake awe nacho mkononi sio chini ya begi. Afike Miritini, stesheni ya SGR ya Mombasa, lisaa lizima kabla. Wajua pale mlangoni mabegi yote yapangwa chini mstari mmoja, watu mwasogezwa kando, kisha mbwa apitishwa akinusa moja moja. Mamangu mie mara ya kwanza alikataa katakata, asema mkoba wangu una msahafu hautanuswa na mbwa. Askari alikuwa kijana mstaarabu, akamwambia mama shika mkoba wako tutaukagua kwa mkono. Kwa hivyo mama akiwa na msahafu ama mswala auweke kwenye mkoba mdogo wake kando, aseme mapema kwa upole, asingoje hadi mbwa afike.

---

mwana_kisauni

Wallahi nimefaidika, sikutarajia majibu namna hii. Hio ya link ndo ingeniangusha, mama angefuata watu moja kwa moja hadi town, yeye huamini palipo na watu wengi ndo njia.

Nishaamua, asubuhi treni, jioni treni ikikubali na ikikataa mat. Nyumba kutoka stesheni naambiwa ni boda ya dakika chache, nitaipima hio Jumamosi kama mlivosema. Lililobaki ni moja dogo. Mama keshaanza kukusanya vitu, ataka kuja na nazi, maembe, na kikapu cha mahamri ati huko bara hakuna chakula. Vyapita hivo kwa SGR ama nimwambie aache?

---

dada_wa_miritini

Hilo uliza Kenya Railways kwanza kabla ya safari, mie sina hakika na sheria yao ya vyakula. Wakikubali, shida ni namna ya kufunga tu. Gunia la kushonwa na uzi usifanye maana wakitaka kuona ndani watalikata, weka nazi kwenye begi la zipu, na zifuliwe kabisa makumbi yatoke zipungue uzito. Maembe yawe mabichi kidogo, mabivu yatapondeka. Kisu cha kumenyea asitie. Na mahamri ashike mkononi, yasikae na mabegi pale chini.

---

abiria_wa_behewa_la_pili

Na mahamri yakibaki, behewa la pili, asubuhi, tunakaa upande wa kushoto.